Mtoto Asiyetembea na Swali Lisilofaa: Historia Fupi ya Kuwasaidia Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo



Katika sura ya tisa ya Injili ya Yoane, wafuasi wa Bwana walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Swali lao la kwanza halikuwa jinsi ya kumsaidia. Walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake mwenyewe au ya wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Hakumtafuta mkosaji, bali alisema juu ya kazi ya Mungu iliyopaswa kuonekana katika mtu yule. Kisha akafanya tope kwa mate, akampaka macho, akamtuma aende kunawa.

Swali la wafuasi lingali hai katika mitaa yetu. Mtoto anapofikisha mwaka mmoja bila kuweza kukaa, shingo ikiwa imelegea au miguu ikikazana na kupishana kama mkasi, majirani huanza kunong'ona. Nani amemloga? Mama yake alifanya nini? Ukoo wa baba una deni gani na wazee? Mara nyingine mtoto mwenyewe huitwa mlozi. Baba huweza kuondoka, na mama huzunguka miaka mitatu au minne kutoka chumba cha maombi hadi kingine, akitafuta jina la mkosaji. Wakati huo wote mtoto amelazwa chali nyuma ya pazia, na miaka inayompita haitarudi.

Leo tunapenda kutafakari pamoja nanyi historia ya watu waliouliza swali jingine: mtoto huyu anaweza kujifunza kufanya nini, na sisi tumsaidieje? Ni historia yenye makosa mengi na subira nyingi, na sehemu yake iko karibu na kwetu kuliko tunavyodhani.

Hali yenyewe ni nini

Mtindio wa ubongo ni hali inayotokana na jeraha au hitilafu katika ubongo ambao bado unakua: kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo ya uhai. Katika hospitali zetu mtaisikia ikiitwa kwa herufi tatu za Kifaransa, IMC, jina lililoenezwa katika miaka ya 1950 na daktari Mfaransa Guy Tardieu. Misuli ya mtoto haikuharibika. Kilichoharibika ni amri zinazotoka ubongoni kuiongoza. Kwa hiyo watoto wengine hukakamaa, wengine hutikisika bila kutaka, wengine hawawezi kushika mizani ya mwili. Jeraha la ubongo haliongezeki kadiri mtoto anavyokua, wala haliambukizi. Wengi wana akili timamu iliyofungwa ndani ya mwili usiotii.

Sababu zinazojulikana ni nyingi: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa uzazi, homa ya manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa, meninjiti, malaria iliyopanda ubongoni. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kosa la mtoto, na ni nadra sana kuwa kosa la mama.

Mtawa aliyebebwa

Kanisa letu lina kumbukumbu ya zamani juu ya mtu ambaye mwili wake haukumtii. Mwaka 1013, huko Altshausen katika nchi ya Ujerumani, alizaliwa Hermann, mtoto wa familia ya kikabaila. Tangu utotoni viungo vyake vilikuwa vimelemaa hata watu wakampa jina la «aliyekunjamana». Hakuweza kutembea, alihitaji msaada ili ageuke, na maneno yake yalikuwa magumu kueleweka. Madaktari wa siku zetu hawakubaliani juu ya jina la ugonjwa wake. Wengine wamefikiri ulikuwa mtindio wa ubongo, wengine ugonjwa wa misuli au wa neva.

Akiwa na umri wa miaka 7, wazazi wake walimpeleka shuleni kwa watawa. Baadaye akawa mtawa mbenedikto katika abasia ya Reichenau, kisiwani katika ziwa la Constance. Ndugu zake walimbeba kwenye kiti. Naye akaandika juu ya hesabu, muziki na nyota, akaeleza matumizi ya chombo cha kupimia nyota, na akatunga historia ya dunia tangu kuzaliwa kwa Kristu hadi mwaka wa kifo chake, 1054. Mapokeo yanamhesabu kuwa mtunzi wa baadhi ya nyimbo ambazo Kanisa linamwimbia Bikira Maria hadi leo. Mwaka 1863 Kanisa lilithibitisha heshima anayopewa kama mwenye heri.

Abasia haikumponya Hermann. Ilimpa kiti, wabebaji na kazi. Kumbukeni mambo hayo matatu, kwa maana sayansi ilihitaji karibu miaka elfu moja kabla ya kuyarudia kwa lugha yake.

Madaktari watafuta chanzo

Mtu wa kwanza kuieleza hali hii kwa mapana alikuwa daktari wa London, William John Little, aliyezaliwa mwaka 1810. Yeye mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda tangu utoto, akasafiri hadi Ujerumani kupasuliwa na Louis Stromeyer mwaka 1836. Alipopona alirudi kwao kuwatibu wengine. Kati ya wagonjwa wake aliwaona watoto ambao miguu yao ilikakamaa bila kuwa na kasoro ya mfupa, akaanza kuchunguza jinsi walivyozaliwa. Mwaka 1861 aliwaeleza madaktari wenzake kwamba ugumu huo mara nyingi unahusiana na uzazi mgumu, kuzaliwa mapema na kukosa hewa. Kwa muda mrefu hali hiyo iliitwa «ugonjwa wa Little».

Mwaka 1897, huko Vienna, Sigmund Freud, ambaye wakati huo alikuwa mtaalamu wa neva na aliyewaona watoto wengi wenye hali hiyo, alitoa kitabu kikubwa kilicholeta shaka. Alidokeza kwamba mara nyingine uzazi mgumu wenyewe ni dalili: mtoto alikuwa na tatizo tangu tumboni, nalo likafanya uzazi uwe mgumu. Wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani Karin Nelson na Jonas Ellenberg, wakitumia kumbukumbu za makumi ya maelfu ya mimba, walionyesha kwamba kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kunaeleza sehemu ndogo tu ya visa katika nchi yao. Katika nchi zetu, ambako akina mama wengi huzaa mbali na hospitali, uzito wa uzazi mgumu na wa maambukizo ni mkubwa zaidi.

Kazi hiyo ya kutafuta chanzo ilikuwa na faida. Kwa sababu yake tunajua kwamba mama mjamzito anapaswa kufuatiliwa, kwamba mtoto mchanga mwenye macho ya manjano apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, na kwamba homa kali yenye degedege haingojei asubuhi. Lakini kwa mtoto ambaye tayari ubongo wake umejeruhiwa, kujua chanzo hakukumfundisha kukaa. Hapo ilihitajika historia nyingine.

Mikono ya watu wazima

Mwaka 1937, karibu na Baltimore huko Marekani, daktari wa mifupa Winthrop Phelps alifungua taasisi ya kuwazoeza watoto hao. Aliamini kwamba wanaweza kufundishwa, jambo ambalo wengi walilikana. Njia yake ilikuwa kuufundisha msuli mmoja baada ya mwingine, na kuviimarisha viungo kwa vyuma na mikanda. Zama hizohizo alikuwapo shahidi wa pekee: Earl Carlson, aliyezaliwa Minneapolis mwaka 1897 akiwa na hali hiyo mwilini mwake. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale, akawahudumia watoto waliofanana naye, na mwaka 1941 akasimulia maisha yake katika kitabu.

Huko London, wakimbizi wawili Wayahudi kutoka Berlin, Berta Bobath, mwalimu wa mazoezi ya mwili, na mumewe Karel, daktari, walifungua zahanati yao mwaka 1951. Waliacha vyuma. Berta aligundua kwamba mikono ya mtaalamu, ikimshika mtoto kwa namna fulani mabegani au kiunoni, huweza kuulegeza ukakamavu na kumwezesha mtoto kuonja mwendo ulio mwepesi zaidi. Njia yao ilienea duniani kote, na wataalamu wengi wa kinesiterapia walilelewa nayo.

Huko Budapest, baada ya vita vya pili vya dunia, daktari András Pető alishika njia nyingine. Kwake mtoto hakuwa mgonjwa wa kutibiwa bali mwanafunzi wa kuelimishwa. Watoto walifanya kazi kwa makundi, wakisema kwa sauti au wakiimba tendo wanalolifanya, huku wakishika viti na meza zenye fito ambazo vidole viliweza kuzing'ang'ania. Mwalimu mmoja alishughulika na mwendo, usemi, kula na kuvaa, badala ya kumgawa mtoto kati ya wataalamu watano.

Kila mmoja wa hao aliona sehemu ya ukweli. Hata hivyo, katika njia nyingi za zama hizo, mtu mzima ndiye aliyetenda na mtoto ndiye aliyetendewa. Lengo lilikuwa mwendo ulio sahihi machoni pa mtaalamu.

Mtoto aulizwa anataka nini

Mageuzi yalikuja polepole, hasa kuanzia miaka ya 1990. Mwaka 1997 Robert Palisano, Peter Rosenbaum na wenzao, wakifanya kazi na Chuo Kikuu cha McMaster huko Kanada, walitoa mpango wa kuwapanga watoto katika ngazi 5: kuanzia yule anayetembea bila msaada hadi yule anayehitaji kubebwa na kuegemezwa kila wakati. Faida yake ni kwamba mzazi aliweza kuambiwa ukweli bila ahadi za uongo.

Mwaka 2002 watafiti hao walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 657 wa jimbo la Ontario. Waliona kwamba mtoto hufikia karibu asilimia 90 ya uwezo wake wa mwendo akiwa na umri wa miaka 5 hivi, na wale wenye hali nzito hufikia mapema zaidi. Hiyo haimaanishi kwamba baada ya hapo hakuna la kufanya, kwani mtoto mkubwa huendelea kujifunza mambo mengi ya maisha. Lakini inatuonyesha ukubwa wa hasara ya mtoto anayefichwa miaka mitano ya kwanza huku watu wazima wakibishana ni nani aliyemloga.

Mambo mengine mawili yalibainika. La kwanza: mtoto hujifunza mwendo kwa kuutenda mwenyewe, mara nyingi, kwa lengo analolitaka. Huko Uholanzi, Marjolijn Ketelaar na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto waliozoezwa kazi halisi za maisha yao waliendelea vizuri zaidi katika maisha ya kila siku kuliko wale waliozoezwa ubora wa mwendo wenyewe. Kwa mtoto mwenye upande mmoja dhaifu, mkono ulio mzima hufunikwa kwa muda ili ule mwingine ulazimike kufanya kazi. Mbinu hiyo ilichipuka katika utafiti wa Mmarekani Edward Taub. Mwaka 2013 Iona Novak wa Australia na wenzake walipitia tafiti nyingi zilizopita, wakahitimisha kwamba mazoezi yenye lengo na mazoezi ya nyumbani yana ushahidi mzuri, kuliko kushikwa na kunyooshwa tu.

La pili linatugusa zaidi sisi. Mwaka 2011 Mary Law na wenzake huko Kanada waliwagawa watoto wadogo 128 katika makundi mawili. Katika kundi moja wataalamu walijitahidi kubadilisha mwili wa mtoto. Katika jingine walibadilisha kazi na mazingira: urefu wa kiti, umbo la kijiko, mahali pa kushika, njia ya kupita. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yalikuwa yameendelea kwa kiasi kilekile. Kwa maneno mengine, kubadilisha kazi na mazingira kunaweza kumsaidia mtoto sawa na kujitahidi kubadilisha mwili wake. Watawa wa Reichenau, waliombeba mwenzao kwenye kiti, hawakuwa wamekosea.

Historia hii barani mwetu

Mwaka 1960, huko Gatagara nchini Rwanda, padri Joseph Fraipont Ndagijimana, mzaliwa wa Ubelgiji, alianzisha nyumba aliyoiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Maskini, kwa ajili ya watoto walemavu ambao jamii iliona hawana kesho. Walipewa tiba, vyombo vya kutembelea na, zaidi ya yote, shule. Kwetu Kongo pia kazi hiyo ipo. Wengi wenu mnakijua kituo cha Heri Kwetu huko Bukavu, au Shirika la Umoja huko Goma.

Nchini Zimbabwe mwalimu Bevill Packer alikuza ufundi wa kutengeneza vyombo imara kwa karatasi zilizotupwa, maboksi na gundi ya unga. Kutokana na ufundi huo vimetengenezwa viti vya watoto wasioweza kukaa wenyewe. Huko Mexico, katika kijiji cha Ajoya, wanakijiji walemavu wenyewe walianzisha mwaka 1981 kituo cha kuwahudumia wenzao pamoja na David Werner, ambaye mwaka 1987 alitoa kitabu chenye michoro mingi kilichosambaa hadi vijiji vya Afrika.

Kwa jirani zetu Waganda, utafiti uliotolewa mwaka 2017 kutoka wilaya za Iganga na Mayuge ulikuta karibu watoto 3 kwa kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Waliofuatilia watoto hao baadaye waliona kwamba hufariki mara nyingi zaidi kuliko wenzao, hasa wale wenye hali nzito. Kwa hiyo jambo hili si la mwendo tu, ni la uhai. Mtoto anayelishwa akiwa amelala chali hupaliwa, chakula humwingia mapafuni, naye hukonda na kuugua. Mtoto huyohuyo akikalishwa wima kwenye kiti chenye mgongo na mikanda hula vizuri zaidi na kuona nyuso za wenzake.

Nchi yetu ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki hizo hapa Kongo. Lakini sheria haina miguu ya kufika nyuma ya pazia katika nyumba ya jirani yetu. Vijana mnayo.

Kazi iliyo mbele yetu

Tusiidharau sala. Mama anayeomba kwa ajili ya mwanawe anafanya alichofanya Mkananayo wa Injili, na Bwana hakumfukuza. Tunachokikataa ni yule anayemtoza fedha, kumfungisha mtoto mchanga au kumpiga ili «ulozi» umtoke. Hiyo si sala, ni jeuri dhidi ya mdogo, na kikundi cha vijana wakristu hakina ruhusa ya kuinyamazia. Sala ya kweli huenda pamoja na mikono, kama Bwana alivyoshika tope.

Tena tusiahidi yasiyokuwepo. Jeraha la ubongo halifutiki. Mtoto wa ngazi ya tano hatacheza mpira. Lakini anaweza kujifunza kuinua kichwa, kuonyesha kwa macho kitu anachokitaka, kushika mkono wa dada yake. Mwingine atajifunza kuketi, mwingine kwenda chooni akishika fito ukutani. Hatua hizo hupatikana katika mambo ya kila siku. Mtoto mwenye miguu inayopishana hubebwa mgongoni kwa kitenge, miguu ikiwa imetanuliwa na kichwa kikiegemezwa, kama mama zetu walivyojua tangu zamani. Wakati wa kuoga huombwa anyooshe mkono mwenyewe. Kikombe huwekwa mbali kidogo ili akifuate. Mtaalamu wa kinesiterapia huonyesha njia, na jamaa hurudia kila siku.

Marko anasimulia juu ya watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza, wakakuta mlango umezibwa na umati. Hawakumlaumu kwa kutotembea. Waliona kwamba nyumba ndiyo iliyomzuia, wakapanda juu na kutoboa dari. Katika kila parokia kuna kijana anayejua useremala, mwingine uashi, mwingine ushonaji. Kiti kimoja cha mbao, fito mbili za kushikia, mteremko wa saruji mahali pa ngazi za kanisa: hizo ni kazi za Jumamosi moja au mbili. Na mama anayejua kwamba kila Jumatano vijana wawili watakuja kukaa na mtoto, ili yeye aende sokoni au apumzike, hatahitaji kumficha tena.

Maswali ya kutafakari kikundini

1. Katika shirika letu, ni nyumba gani zina mtoto asiyeonekana misani wala katekisimuni? Nani kati yetu amewahi kuingia kumsalimu kwa jina lake?

2. Tunaposikia neno «ulozi» likitajwa juu ya mtoto mlemavu, huwa tunajibu nini? Tungepaswa kujibu nini?

3. Katika kanisa letu na ukumbi wetu, ni kitu gani kinamzuia mtoto wa kubebwa kuwa pamoja nasi? Kati ya vizuizi hivyo, kipi tunaweza kukiondoa kabla ya Pasaka ijayo?

4. Tuchague mtoto mmoja. Tuwaulize wazazi wake, naye mwenyewe kama anaweza kutuonyesha: angependa kufanya nini ambacho leo hawezi? Tuandike jibu hilo, tumwombee, kisha tugawane kazi.